Mstari Niliouongeza Mwambani

Mpaka leo sipiki kwa samli. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Miembeni alirudi kutoka kwao Karagwe akaniletea chupa nzima, imeganda vizuri, rangi yake kama ua la boga, akaniambia, "Dada, hii weka kwenye maharage, utanikumbuka." Nikapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Alipotoka nikafungua kifuniko ninuse tu, na harufu ile ya maziwa yaliyochacha na moshi wa kibuyu ikanishika kooni. Nilikaa kwenye sakafu ya jiko langu, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikasubiri moyo utulie. Wenzangu wa rika langu, hasa ninyi mliopelekwa kwa bibi kwa sababu ambazo hakuna aliyewaeleza, najua kila mmoja wenu ana harufu yake ya namna hiyo. Yangu ni hii.

Nilikuwa darasa la tatu mama aliponipeleka kijijini kwao, huko Muleba, upande wa Kishanda. Baba alikuwa amehamishwa kikazi mbali. Zikapungua pesa za matumizi, zikapungua simu zake, kisha akapungua yeye mwenyewe. Mama akabaki Bukoba mjini akishona nguo kwenye kibaraza cha duka la mtu, mimi nikapandishwa basi na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Baba hakuwa Mhaya, na nyumbani tulikuwa tunazungumza Kiswahili tu. Kwa hiyo nilifika kwa bibi nikiwa sijui Kihaya zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Bibi naye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha mnadani, akanipimia kidogo kidogo kama mtu anayegawa chumvi. Jioni wanawake wa jirani walipokuja kukaa na kutafuna kahawa, walizungumza, wakacheka, nami nikacheka nikiwa sijui kilichochekwa.

Ndiyo maana nilimpenda mjomba Kaiza tangu siku ya kwanza. Alikuwa mdogo wake mama, kijana mrefu, mabega yake ya mtu anayehudumia kibanja kizima cha migomba na kahawa peke yake. Hakuwa anasikia wala kusema. Aliugua homa akiwa bado ananyonya. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake. Katika nyumba ile tulikuwa wawili tuliokaa nje ya mazungumzo, yeye na mimi. Alinionyesha kwa mikono: hii ni mvua, hii ni mbuzi, huyu ni bibi (akabana shavu pale bibi alipokuwa na alama nyeusi). Nikajifunza ishara kama kumi. Zilitutosha kupeleka mbuzi, kuteka maji, na kumsengenya bibi.

Nyuma ya kibanja, pale migomba inapokwisha na kuanza rweya, yaani ile nchi ya nyasi tupu isiyolimwa, palikuwa na ukuta wa mwamba ulioinama kwa juu kama paa. Mvua ikinyesha ungeweza kusimama chini yake na usilowe. Na kwenye ukuta huo kulikuwa na michoro myekundu. Mingi ilikuwa midogo: vijistari kama meno ya kitana, nukta nukta, vitu kama watu waliosahauliwa vichwa. Lakini mmoja ulikuwa mkubwa kuliko ungo. Mstari uliingia ndani ya mstari, ukageuka, ukarudi ulikotoka, ukageuka tena, ukajikunja kama utumbo wa mbuzi anapopasuliwa siku ya Krismasi. Niliufuata kwa macho mpaka nikasikia kizunguzungu. Njia zote ziliishia katikati, kwenye nukta nene, na mstari wa nje ulizunguka pande zote bila kuacha upenyo. Nilitafuta sana mahali pa kutokea. Hapakuwepo.

Chini ya mwamba ule mjomba alikuwa akichimba udongo mwekundu wa kukandikia nyumba ya bibi. Kila jioni alirudi mikono yake ikiwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ule mchoro mkubwa, jembe limelala chini, kidole chake kinafuata mistari hewani, taratibu, bila kuugusa mwamba. Mikono myekundu, mistari myekundu. Nikajumlisha mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ameniambia nani alichora, na kama aliniambia, aliniambia kwa Kihaya.

Siku hiyohiyo nilimuuliza bibi, alipokuwa anachambua maharage, "Bibi, kwa nini mjomba hasemi?"

Bibi hakuinua macho. "Maneno anayo, waitu," akasema, kwa lile neno la Kihaya la kumwita mtu kwa upole. "Anayo mengi. Yamo humu." Akajigonga kifuani kwa kidole. "Yamekosa pa kutokea."

Mnaona jinsi mtoto anavyofunga hesabu zake. Nilirudi mwambani kesho yake, nikatazama, na kila kitu kikawa wazi. Mjomba alikuwa amechora kifua chake. Ile nukta nene ya katikati ni maneno. Yanazunguka humo, yanagonga ukuta huu na ule, yanarudi yalikotoka.

Wiki ile mwalimu alitutangazia darasani kwamba watakuja wageni, wataalamu wa mambo ya kale, kuangalia michoro ya mwambani. Akauliza nani ameiona. Nikanyoosha mkono kabla ya wote.

"Imechorwa na mjomba wangu," nikasema.

Darasa likacheka. Adelina, aliyekaa dawati la mbele yangu, akageuka. "Yule bubu?"

"Bubu anajua kuchora kuliko wewe unavyojua kusoma!"

Mwalimu akagonga meza, akaniambia nikae, wageni wakija watatueleza wenyewe. Nikakaa, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Wageni watakuja, watamuuliza mjomba habari ya michoro yake, naye atasimama mbele yao na mdomo wake mtupu, Adelina akiwepo. Nilihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa chache.

Jumamosi bibi alikwenda kwenye sala za jumuiya. Mjomba alikuwa amepeleka mbuzi bondeni. Nilikuwa nimejaribu siku moja kabla kwa udongo na maji, ukakauka na kupukutika kama unga. Lakini samli ambayo bibi alinipaka kwenye visigino vilivyopasuka ilikuwa haitoki hata siku mbili. Nikashusha kibuyu chake kwenye kulabu, nikakomba kwa vidole, tena nikakomba, nikachanganya na udongo mwekundu kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika. Nilibeba na debe. Niliogopa njia nzima. Si kwa sababu ya samli tu, bali kwa sababu ya kitu nilichokuwa naenda kufungua. Sikujua sauti ya mjomba ingekuwaje. Nilikuwa nimewaza kwamba huenda ikatoka yote kwa mara moja, miaka yote ile, na kunitisha.

Nikaligeuza debe, nikapanda juu yake, nikachovya kidole. Nilianzia kwenye ile nukta ya katikati. Nikavuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikavuka wote moja kwa moja kuelekea kulia mpaka nikauvunja ule wa nje. Hapo sikuachia. Niliendelea tena kiasi cha mkono mmoja kwenye mwamba mtupu, ili maneno yasije yakaishia mlangoni.

Mkono ukanishika begani. Nilikaribia kuanguka. Mjomba alikuwa amefika na sikumsikia. Aliutazama mwamba, akanitazama mimi, na koo lake likatoa ile sauti aliyoitoa mbuzi walipoingia kwenye maharage. Alinishusha. Akachuma jani la mgomba, akajaribu kuufuta mstari wangu, lakini samli ikatanda, na mstari wa zamani uliokuwa chini yake nao ukaanza kuchafuka. Aliacha papo hapo, mkono ukabaki hewani. Halafu akanisugua vidole kwa mchanga na nyasi mpaka vikauma. Alipomaliza akanishika kidevu ili nimtazame. Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake, akakandamiza. Akaonyesha mwamba. Akaweka tena kiganja mdomoni. Macho yake yalikuwa makubwa.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Nilielewa hivi: njia imefunguka, sasa subiri mdomo.

Nikasubiri. Jumapili kanisani nilikaa upande ambao ningeweza kumwona. Nyumbani nilimtazama akitafuna, akipiga miayo, akipuliza moto, na kila mdomo wake ulipofunguka mimi niliacha kula. Bibi alikuwa amegundua kibuyu. Alikipima kwa kijiti, akakipima tena, akauliza kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu, "Nani ameingia kwenye samli yangu?" Paka alipigwa. Nilimwangalia akikimbilia migombani nikanyamaza.

Wageni walifika katikati ya wiki. Walikuwa mama mmoja mtaalamu, mrefu, amevaa suruali na kofia, na kijana wake wa kupiga picha. Waliongozana na mtendaji wa kijiji, na mgambo wake, na sisi wanafunzi tukapelekwa na mwalimu tukajifunze. Mama yule alitembea mbele ya mwamba kwa furaha kama mtu anayesalimia ndugu, akionyesha ile midogo, akieleza. Alipofika kwenye mkubwa akavua kofia. Alisimama muda mrefu hata wanafunzi wakaacha kusukumana. Kisha akainama, akasogeza pua mpaka karibu na mwamba.

"Huu mstari ni mpya," akasema. "Na hii ni samli."

Mtendaji akatugeukia. "Nani amefanya hivi?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Sikilizeni. Hiki si kitu cha kuchezea. Ni mali ya taifa, na kuna sheria. Aliyefanya hivi atalala ndani. Nani anajua?"

Mbele yangu mkono wa Adelina ulipanda polepole. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa mtoto aliyeulizwa swali akawa na jibu. "Kuna bubu wa hapo chini," akasema. "Mpwa wake alisema darasani kwamba yeye ndiye anayechora."

Wakatazama chini ya mwamba, na wote wakaona pamoja: shimo la udongo mwekundu, jembe, kikapu.

Walishuka kwa bibi wakipita katikati ya migomba, nasi nyuma yao. Mjomba alikuwa anakandika ukuta wa jikoni, mikono myekundu mpaka viwikoni. Bibi alitoka akifuta mikono kwa kanga, akawakaribisha, akataka kuagiza viti. Mtendaji hakukaa.

"Mama, hapa kwako samli mnayo?"

Bibi hakujua kusema uongo hata kwa faida yake. "Ninayo, waitu. Ila imepungua, tena nimekuwa nikiuliza hapa nani..." Akaishia hapo. Niliona uso wake ukibadilika, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mtendaji akamsogelea mjomba. Akaonyesha juu mwambani, akafanya kidole kama mtu anayechora, akamwonyesha yeye. "Ni wewe?" Alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba ukubwa ungesaidia. "Wewe? Wewe ndiye?"

Mjomba aliwatazama mmoja mmoja: mtendaji, mgambo, mama mwenye kofia, mwalimu. Kisha akanitazama mimi, nimesimama kando ya mbuni wa kahawa. Nikajua sasa ndiyo saa yenyewe. Nilimwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Hata mdomo wangu niliufungua, kumwonyesha namna ya kuanza.

Akafungua wake. Ilitoka ileile sauti ya kila siku, nzito, isiyo na mwanzo wala mwisho. Mwanafunzi mmoja nyuma yangu akacheka. Mjomba akaufunga mdomo. Kisha akajipiga kifuani kwa kiganja, mara mbili, na udongo ukaacha alama ya mkono kwenye shati lake.

"Amekiri," mtendaji akasema.

"Mawe!" bibi akalia kwa Kihaya, yaani mama yangu. "Mwanangu hata hajui anachoulizwa!"

"Amejigonga kifua mbele ya watu, mama. Tumeona wote."

Mgambo akamshika mkono, naye akaenda, bila kuvutana, bila kugeuka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipiga kelele pale. Sikupiga. Nilijiambia kwamba njia niliyoitengeneza ni nyembamba na maneno ni mengi, yapewe muda. Niliamini hivyo kweli. Lakini chini ya imani hiyo kulikuwa na kitu kingine nilichokijua vizuri: nilikuwa nimesikia "atalala ndani," na miguu yangu haikutaka kwenda huko. Uoga unajua kujivika nguo za imani.

Asubuhi bibi alifunga ndizi na maharage kwenye jani, tukaenda ofisini kwa miguu. Mama yangu kule Bukoba alikuwa amekwisha pigiwa simu. Njiani bibi alinisemesha Kiswahili kingi kuliko alichowahi kunisemesha tangu nifike, labda kwa sababu hakuwa na mwingine.

"Watampeleka mjini leo. Huko nani atajua mikono yake? Mimi mwenyewe niliyemzaa, nusu sielewi. Anayemwelewa ni mama yako tu." Tukatembea. "Wakimpiga atalia kwa ile sauti yake. Watasema ana pepo, watamzidishia."

Nilikuwa naangalia visigino vyake.

Walikuwa wamemfungia kwenye stoo, pamoja na madawati mabovu na magunia. Dirisha lilikuwa na wavu. Bibi alipokuwa anaomba kumpa chakula, mimi nilikwenda dirishani, nikashika wavu. Mjomba alikuwa amekaa juu ya gunia. Aliponiona alisimama haraka, akaja, akaweka kiganja chake juu ya mdomo. Akakandamiza. Akatikisa kichwa: hapana. Akaonyesha nyumbani. Akaweka tena kiganja mdomoni.

Ilikuwa ishara ileile ya mwambani. Hakuwa ananiambia nisubiri mdomo wake. Alikuwa ananiambia nifunge wangu. Tangu Jumamosi alikuwa ananificha, na alipojigonga kifua mbele ya watu wote alikuwa anajua vizuri kabisa anachoulizwa.

Nilitoka dirishani nikaingia ofisini. Mtendaji alikuwa anaandika, yule mama mtaalamu amekaa pembeni na kamera mapajani. "Ni mimi," nikasema, na sauti haikutoka. Nikasema tena. Mara ya tatu ikatoka kubwa mno. "Ni mimi nimechora! Si mjomba! Ni mimi!"

Mtendaji akamtazama bibi. "Mama, usimfundishe mtoto uongo."

Bibi alikuwa amesimama na lile jani la chakula, mdomo wazi. Mtu yeyote angeona kwamba hakumfundisha mtu kitu.

"Mstari uko juu ya kichwa chako," mtendaji akaniambia. "Uliufikiaje?"

"Nilipanda debe."

"Na samli?"

"Niliiba. Paka hakula."

Yule mama mtaalamu akainuka. "Njoo nje," akasema, si kwa ukali. Akaokota kijiti, akanipa, akanionyesha uwanja uliokuwa umefagiliwa. "Nichoree. Wote."

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimeutazama mchoro ule siku nyingi sana, na mkono ulikwenda wenyewe: ukaingia, ukageuka, ukarudi, ukageuka. Watu waliokuja ofisini kwa shida zao wakasogea. Mama yule alichuchumaa akilinganisha na picha kwenye kamera yake, akaacha kulinganisha, akawa ananitazama tu. "Mzingile mzima," akasema taratibu, kisha akamweleza mtendaji, "njia za kupotezana, zote zipo. Hajaacha hata kona moja." Nilipofika katikati nikaweka nukta. Kisha nikavuta mstari wangu, kutoka kwenye nukta mpaka nje.

"Na huu kwa nini?" akauliza.

"Ili maneno ya mjomba yapate pa kutokea. Alipochora alisahau mlango."

Hakuna aliyecheka. Mama yule aliweka mkono wake juu ya mgongo wangu. "Mwanangu, mjomba wako hakuchora hii. Waliochora walikufa kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa. Hata majina yao hatuyajui."

"Walifungia nini?"

"Hatujui," akasema. "Nimesoma miaka mingi, na sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu mzima akisema hivyo. Aliinuka akaongea na mtendaji pembeni kwa muda mrefu. Mstari wangu haukufutwa. Alisema ukisuguliwa utaondoka pamoja na ule wa kale, na huko mwambani upo mpaka leo, umefifia, wageni wanapita bila kuuliza. Mimi niliambiwa nisionekane tena pale bila mtu mzima. Bibi aliniambia kitu kimoja kwa Kihaya, kifupi, na hakuna aliyenitafsiria.

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mjomba alitoka akikunja macho kwa jua. Akaona mchoro chini, akaona kijiti mkononi mwangu, akaelewa. Nilidhani atanikumbatia. Alipita karibu nami kama mtu anayepita karibu na kisiki, akaufuta mchoro kwa mguu, wote, kona hadi kona, kisha akashika njia ya nyumbani peke yake, mbele yetu, kwa hatua ndefu ambazo mimi na bibi hatukuziweza.

Mama alifika mchana, akiwa amepitia ofisini na kuelezwa yote, bado ana uzi umemng'ang'ania kwenye sketi. Hakunisalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake aliyekuwa uani anachambua kahawa kavu kwenye jamvi, akakaa mbele yake, akainua mikono.

Sijawahi kusahau kilichofuata. Mikono ya mjomba ilianza, na haikusimama. Ilikata, ikazunguka, ikapanda usoni, ikashuka kwenye magoti. Mama alijibu kwa mikono niliyoijua ya cherehani tu, haraka vilevile, wakikatizana kama wanawake wa sokoni. Mjomba alimwigiza mtendaji na tumbo lake, akamwigiza mgambo anavyosinzia mdomo wazi, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha nyuso zikabadilika, mikono ikawa mizito, na mama akaacha kucheka. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na mtu huyu kwa ishara kumi. Hapakuwa na neno lililofungiwa mahali. Yote yalikuwa nje muda wote, na mimi ndiye niliyekuwa sisikii.

"Mama," nikasema kwa mbali, "anasema nini?"

Mama akageuka. "Anasema alikuambia unyamaze. Jambo lilikuwa limekwisha, yeye ni mtu mzima, wangemchoka wakamrudisha. Wewe mtoto wangekufanya nini, hakujua, ndiyo maana." Akasikiliza mikono tena. "Na anauliza nani alikuambia kwamba yeye ni mgonjwa."

"Nifundishe kusema nisamehe," nikamwambia. "Kwa mikono."

Mama alifikiri. "Hilo kwake halipo," akasema. "Tangu utoto wetu, aliyekosa anakuja anakaa. Aliyekosewa akitaka, anamwacha akae."

Nikaenda. Nilikaa kwenye ncha ya jamvi, miguu nje, juani. Mjomba hakuinua kichwa. Punje nzima huku, zilizooza kule, maganda pembeni. Vidole vyake havikukosea. Mama aliingia ndani kwa bibi. Mguu wangu ulikufa ganzi nikaogopa kuuhamisha. Kivuli cha mgomba kilikuja kikatufikia, kikaanza kutupita. Ndipo, bila kunitazama, akalikata lile rundo la kahawa katikati kwa kiganja chake, akaisukuma nusu mpaka kwenye magoti yangu.